Kwa nini chumvi ya bahari huila nondo ndani ya zege?

Baada ya kipindi chetu cha ujenzi, msikilizaji mmoja wa Kunduchi, Kinondoni, alituuliza: "Chumvi ni laini, nondo ni chuma. Inailaje?" Swali hili linamhusu kila anayejenga karibu na bahari, kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni.

Jibu liko juu kabisa ya chuma, kwenye safu ya mwisho ya atomi. Fikiria daladala ya Mbagala iliyojaa. Abiria wa katikati amebanwa pande zote, hasogei. Wa mlangoni ana majirani wachache, ndiye rahisi kuhama. Atomi za juu ya metali ziko hivyo hivyo.

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ikiyeyuka hutoa ioni za kloraidi, chembe zenye chaji hasi. Zikinata juu ya metali, hulegeza mshiko kati ya atomi na majirani zake. Hata dhahabu, isiyoshika kutu, huguswa: watafiti wanaotumia darubini zenye uwezo wa kuonyesha atomi wameona atomi zake za juu zikihama haraka zaidi kloraidi inaponata.

Kwa nondo, hali ni mbaya zaidi. Ndani ya zege, saruji huifanya nondo ijivike utando mwembamba wa kinga. Kloraidi hutoboa utando huo sehemu moja moja, na nondo hugeuka kama betri. Kwenye tundu, atomi za chuma huacha elektroni na kutoka. Sehemu nyingine ya nondo hiyo hiyo huzipitisha elektroni kwa oksijeni na maji. Kloraidi haiishi. Ni kama konda: abiria akishuka, yeye hubaki kumshusha mwingine.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana zege hupasuka na kumeguka.

Ufanye nini? Usichanganye zege kwa maji ya bahari wala ya kisima chenye chumvi. Epuka mchanga wa ufukweni. Mwambie fundi aache zege la kutosha kufunika nondo. Na ufa ukishatokea, usiridhike na kupiga plasta juu yake. Konda bado yumo ndani.