Pikipiki moja kwa lami na vumbi: Mambo ya kupima kabla ya kulipa

Kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani, pikipiki mara nyingi ndiyo mali yenye thamani kubwa kuliko zote katika biashara yake. Ikichaguliwa vizuri, inampeleka sokoni asubuhi, inamfikisha kijijini mchana kufuata maharage au mahindi na kumrudisha nyumbani jioni. Ikichaguliwa vibaya, mtaji unalala kwa fundi huku wateja wakihamia kwa mwingine.

Ugumu ni kwamba safari za mjini na safari za vijijini zinadai vitu tofauti. Lami inataka pikipiki nyepesi, inayokula mafuta kidogo na yenye spea za bei nafuu. Barabara ya udongo wakati wa mvua inataka magurudumu makubwa, tairi zenye meno na tumbo la injini lililo juu ya mawe. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini mfanyabiashara hana uwezo wa kununua pikipiki mbili. Lazima aamue ni upande upi upewe uzito zaidi, na kwa kiasi gani.

Pima barabara zako kwanza

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa injini. Hilo ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: katika wiki moja ya kazi, ni kilomita ngapi unapita kwenye lami, ngapi kwenye changarawe ngumu, na ngapi kwenye tope au mchanga?

Tuchukulie mfanyabiashara anayeishi Ngara, mkoani Kagera. Barabara kuu zinazokwenda Rusumo kuelekea Rwanda, na Kabanga kuelekea Burundi, zina lami. Mazao anayotafuta, hata hivyo, yapo vijijini, kwenye barabara za udongo zenye milima na makorongo. Akiandika kilomita zake kwa wiki mbili, moja ya kiangazi na moja ya mvua, atapata picha ya kweli. Wengi hugundua kuwa sehemu mbaya inayowatisha ni kilomita chache tu kwa siku, na nyingine zote ni lami au changarawe inayopitika na pikipiki yoyote.

Aina tatu zilizopo sokoni

Aina ya kwanza ni pikipiki za kawaida za barabarani, kama Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo bodaboda wengi wa Afrika Mashariki wanazitumia. Zina injini za cc 100 hadi 150, magurudumu ambayo mara nyingi ni ya inchi 17 na kiti kirefu. Faida yake kubwa ni kwamba spea na mafundi wapo karibu kila senta.

Aina ya pili ni pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya lami na udongo kwa pamoja, kama Yamaha XTZ125 na Honda XR150L. Gurudumu la mbele ni kubwa zaidi: inchi 21 kwa XTZ125 na inchi 19 kwa XR150L. Gurudumu kubwa huvuka shimo au jiwe kwa urahisi kuliko dogo, kwa sababu halizami sana. Shokapu zake zina mwendo mrefu na injini imeinuliwa. Ubaya wake ni bei ya juu, kiti kirefu kwenda juu kinachomsumbua mtu mfupi aliyebeba mzigo, na spea ambazo mara nyingi hupatikana miji mikubwa tu.

Aina ya tatu ni pikipiki za kazi za vijijini, ambazo wengi walizizoea kupitia miradi na mashirika: Yamaha AG100, Yamaha DT125 na Honda XL125. AG100 ina keria imara na mnyororo uliofunikwa, hivyo matope hayaufikii kwa urahisi. AG100 na DT125 zina injini za mipigo miwili, yaani zile zinazounguza oili pamoja na petroli. Zina nguvu na ni rahisi kufungua, lakini gharama ya oili lazima iingie kwenye hesabu ya kila mwezi, na oili ikiisha injini inakufa.

Njia ya kati: kubadili tairi na sproketi

Kabla ya kulipa fedha nyingi kwa aina ya pili, mfanyabiashara anapaswa kujua kwamba pikipiki ya kawaida inaweza kusogezwa karibu na mahitaji ya vijijini kwa gharama ndogo.

Badiliko la kwanza ni tairi. Tairi yenye meno makubwa hushika tope, lakini kwenye lami huisha haraka, hupiga kelele na huteleza wakati wa mvua. Kwa anayepita lami zaidi, tairi yenye meno ya wastani inafaa, hasa nyuma ambako nguvu ya injini inafika ardhini.

La pili ni sproketi. Kama sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42, uwiano ni 3. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, uwiano unakuwa 3.23, na nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 8. Pikipiki itapanda mlima na mzigo kwa urahisi zaidi. Kwenye lami, injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, hivyo itatumia mafuta zaidi kidogo.

La tatu ni rimu. Rimu ya spoku ikigonga jiwe hupinda, na fundi wa kijijini anaweza kuinyoosha. Rimu ya kumwaga ikipasuka, safari imekwisha. Kwa anayepita kwenye mawe, spoku ni bora, mradi azikaze mara kwa mara.

Yale ambayo mabadiliko hayawezi kutoa ni urefu wa injini kutoka ardhini na mwendo wa shokapu. Kama njia yako ina mito ya kuvuka au mawe makubwa kila siku, tairi mpya hazitakusaidia sana.

Mzigo na spea

Dereva wa kilo 70 akibeba gunia la kilo 100, pikipiki tayari imebeba kilo 170. Soma kitabu cha pikipiki uone uzito wa juu uliotajwa na mtengenezaji. Kumbuka kuwa uzito huo unajumuisha dereva. Pikipiki ndefu za porini hazibebi zaidi kwa sababu ni ndefu. Mzigo ukikaa juu, huyumba zaidi kwenye makorongo. Keria pana iliyo chini, na mifuko miwili ya pembeni yenye uzito sawa, ni salama kuliko gunia moja lililosimama.

Kuhusu spea, kipimo rahisi ni hiki. Nenda kwenye kituo cha mwisho cha safari yako, siyo mjini unakonunulia, ukaulize bei na upatikanaji wa vitu sita: tairi ya nyuma, tyubu ya mbele, mnyororo na sproketi zake, waya wa klachi, sahani za klachi, na viatu vya breki. Kama vinne kati ya hivyo havipo, pikipiki hiyo itakugharimu siku za kazi kila itakapoharibika. Uliza pia kama fundi wa huko amewahi kuifungua.

Jambo lingine ni mfumo wa mafuta. Baadhi ya pikipiki mpya hazina kabureta, bali hupuliza petroli kwa umeme. Mfumo huo hubana matumizi, lakini petroli ya chupa yenye uchafu inaweza kuuziba, na si kila fundi ana vifaa vya kuutengeneza. Kabureta huoshwa hata chini ya mwembe.

Hesabu inavyoweza kuamua

Tuchukulie mfanyabiashara anayekwenda kilomita 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani kilomita 1,560. Pikipiki ya kawaida inakwenda kilomita 45 kwa lita moja, na ya porini kilomita 35. Ya kwanza itatumia karibu lita 35 kwa mwezi, ya pili karibu lita 45. Tofauti kwa mwaka ni takriban lita 119. Kwa mfano wa bei ya Sh 3,000 kwa lita, hiyo ni Sh 357,000.

Sasa upande wa pili. Tuseme pikipiki ya kawaida inakwama na kumpotezea siku mbili kwa mwezi, kwa miezi sita ya mvua, wakati ya porini inapita. Hizo ni siku 12. Kama faida yake kwa siku ni Sh 40,000, anapoteza Sh 480,000 kwa mwaka. Ukitoa mafuta ya ziada, pikipiki ya porini inamwokolea Sh 123,000 tu. Ikiwa ilimgharimu Sh milioni 4 zaidi dukani, hatazirudisha katika maisha ya pikipiki hiyo.

Lakini kama faida yake kwa siku ni Sh 150,000, siku 12 zina thamani ya Sh milioni 1.8. Ukitoa mafuta ya ziada, zinabaki Sh milioni 1.443 kwa mwaka, na zile milioni 4 zinarudi kabla ya miaka mitatu kuisha. Njia ni ileile na mvua ni ileile, ila jibu ni tofauti kwa sababu thamani ya siku moja ya kazi ni tofauti. Weka tarakimu zako mwenyewe, na ongeza tofauti ya bei za spea ulizouliza.

Pikipiki za mnada

Wengi hupata pikipiki za porini kupitia minada ya miradi na mashirika. Bei inaweza kuvutia, lakini kuna mtego. Chombo kilichoingizwa nchini kwa msamaha wa kodi kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru na kodi hudaiwa. Kabla ya kupandisha bei mnadani, uliza kama kodi imelipwa na nani atailipa. Hakikisha pia kwamba namba ya injini na namba ya chesisi zilizogongwa kwenye chuma zinalingana na zilizo kwenye kadi. Tofauti ya tarakimu moja inaweza kukuzuia siku nzima kwenye kituo cha forodha.

Unapovuka mpaka

Pikipiki inayovuka mpaka inahitaji kadi yake halisi, leseni ya dereva yenye daraja la pikipiki na kibali cha muda cha forodha. Kama haiko kwa jina lako, beba barua ya mwenye nacho. Bima ya ndani peke yake haitoshi. Kadi ya Njano ya COMESA inatambuliwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na hupatikana kupitia kampuni za bima.

Mzigo una taratibu zake. Bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, zinaweza kupita kwa cheti cha uasilia kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani.

Aidha, Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha kushoto, wakati Rwanda, Burundi na Kongo zinaendesha kulia. Taa ya mbele iliyopangwa kwa kushoto inaweza kummulika machoni anayekuja ukishavuka Rusumo au Kabanga. Kama utasafiri usiku, mwombe fundi aishushe kidogo.

Vipi pikipiki za umeme?

Pikipiki za umeme zimeenea katika miji kama Kigali na Nairobi, ambako dereva hubadilisha betri kituoni na kuendelea. Kwa safari za mjini pekee hesabu yake inaweza kuwa nzuri. Kwa anayelala kijijini ng'ambo ya mpaka, swali ni kituo cha kubadilishia betri kiko wapi. Kama kipo upande mmoja tu, umbali wako unaishia pale betri inapoishia.

Kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji uijaribu pikipiki ikiwa na mzigo, siyo tupu. Panda nayo mlima kwa gia ya pili. Simama katikati na uondoke tena. Hakikisha miguu yote miwili inagusa chini ukiwa umebeba, kwa sababu kwenye tope miguu ndiyo inayokuokoa. Baada ya hapo rudi kwenye daftari lako la kilomita. Kama sehemu kubwa ni lami na changarawe, nunua ya kawaida, badili tairi na sproketi, na fedha iliyobaki iingize kwenye bidhaa. Kama tope na mawe ndiyo kazi yako ya kila siku, na siku moja ya kukwama inakula faida kubwa, lipia ya porini bila kusita, ukiwa na seti moja ya spea nyumbani.