"Kuyeyusha" au "Kuchenjua"? Istilahi za Alumini na Umeme wa Maji

Katika tafsiri nyingi za habari za viwanda hukutwa maneno "kiwanda cha kuyeyusha alumini". Usemi huu umekwisha zoeleka, wala hauna kosa la sarufi. Hata hivyo, tunaona kuwa unamficha msomaji kiini cha mabishano yanayohusu viwanda hivyo.

Kuyeyusha ni kugeuza kitu kigumu kiwe kiowevu kwa joto, kama risasi iyeyukavyo motoni. Alumini haipatikani hivyo. Mbale yake, iitwayo boksiti, husafishwa kwanza ikawa unga mweupe uitwao alumina, yaani alumini iliyoungana na oksijeni. Unga huo hutiwa katika kriolaiti iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 960 hivi za Selsiasi, kisha mkondo wa umeme hupitishwa humo ili kuutenga muungano huo. Tani moja ya alumini huhitaji umeme wa kilowati-saa zipatazo 14,000. Basi umeme hapa si badala ya kuni za tanuri. Ndio ufanyao kazi yenyewe.

Msomaji asiyelijua hilo hataelewa kwa nini kiwanda cha metali kihitaji mto mzima. Nchini Ghana, bwawa la Akosombo lilikamilika mwaka 1965, na kiwanda cha Valco mjini Tema, mnunuzi mkubwa wa umeme wake, kilianza kazi mwaka 1967. Watu wapatao 80,000 walihamishwa, na kichocho kikaenea kandokando ya ziwa. Tena, ingawa Ghana ina boksiti yake, kiwanda kilitumia alumina kutoka ng'ambo. Watetezi wa mradi hutaja umeme uliowafikia wananchi pasipo moshi wa makaa ya mawe. Wapinzani huuliza ni nani aliyelipa gharama yake.

Hapa pana neno la pili la kuangaliwa: "bwawa". Hutumiwa kwa ukuta na kwa maji pia. Ukuta wa Akosombo una urefu wa mita 660 hivi. Ziwa lake lina kilomita 400 hivi. Mfasiri asipovitenganisha, msomaji hatajua ni kipi kilichofunika vijiji.

Kwa hiyo tunapendekeza "ukuta wa bwawa" na "ziwa la bwawa" vitengwe. Kuhusu alumini, tunapendekeza "kuchenjua kwa umeme", kwani wachimbaji wa dhahabu nchini Tanzania wanalo tayari neno "kuchenjua" kwa maana ya kutoa madini katika mawe yake. "Kuyeyusha" kumwachie fundi anayeyeyusha sufuria kuukuu na kuzisubu upya. Huyo anayeyusha kweli, na kuipata alumini kwa njia yake huhitaji takriban sehemu moja tu ya ishirini ya nishati ile.

Wasomaji wenye maneno yafaayo zaidi wanaombwa watuletee.