Santuri ya Pili ya Bob Dylan

Wahenga walisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Maneno haya yanaifaa sana habari ninayotaka kuwaeleza wasomaji, yaani habari ya santuri ya pili ya mwimbaji wa Marekani aitwaye Bob Dylan. Santuri hiyo huitwa The Freewheelin' Bob Dylan, nayo ilitolewa tarehe 27 Mei, 1963, siku tatu tu baada ya mwimbaji huyo kutimiza miaka 22. Nitaeleza kwanza asili ya mtu mwenyewe, kisha jinsi santuri ilivyotengenezwa, halafu nitajaribu kujibu swali ambalo huleta ubishi kila watu wanapozungumza juu ya nyimbo: Je, mtu akichukua mahadhi ya wimbo wa zamani akayatia maneno yake, wimbo ule ni wake, ama ameuiba?

Bob Dylan alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma. Jina alilopewa na wazazi wake ni Robert Zimmerman. Mwezi wa Januari, 1961, alifika New York na gitaa lake, akawa akiimba katika mikahawa ya mtaa wa Greenwich Village. Hamu yake kubwa ilikuwa kumwona Woody Guthrie, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za wakulima na vibarua, ambaye wakati huo alikuwa amelazwa hospitali.

Bwana mmoja wa kampuni ya santuri ya Columbia, John Hammond, alivutiwa naye akampa mkataba. Santuri ya kwanza ilitoka Machi, 1962. Ilikuwa na nyimbo 13, lakini zilizotungwa na Dylan mwenyewe zilikuwa mbili tu. Nyingine zote zilikuwa za jadi au za watu wengine. Santuri hiyo haikupata wanunuzi. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala kama 5,000 tu, na baadhi ya watu wa kampuni wakamwita kijana huyo "Upuuzi wa Hammond". Hata ikasemwa kwamba afadhali mkataba wake uvunjwe. Hammond alisimama imara, akampa nafasi ya pili.

Kazi ya kunasa sauti kwa santuri ya pili ilianza tarehe 24 Aprili, 1962, ikamalizika tarehe 24 Aprili, 1963. Basi ilichukua mwaka mzima, na mwaka huo ndio uliombadilisha Dylan. Hii nayo ina nyimbo 13, lakini safari hii 11 zilikuwa za kutunga kwake. Karibu zote anaimba peke yake, akipiga gitaa na kinanda cha mdomo. Zimo nyimbo za mapenzi, zimo za kuchekesha, na zimo za mambo mazito. "Oxford Town" wahusu fujo za mwaka 1962, wakati James Meredith, Mmarekani mweusi, alipoingia Chuo Kikuu cha Mississippi ambacho hapo kabla hakikupokea watu weusi. Ililazimu serikali kupeleka askari ili kijana mmoja apate kusoma. "Masters of War" wawalaumu wale wanaotajirika kwa kutengeneza silaha huku wenzao wakifa vitani.

Wimbo mmoja watu huusimulia visivyo. Wengi husema kwamba "A Hard Rain's A-Gonna Fall" ulitungwa kwa ajili ya hofu ya makombora ya Kirusi huko Cuba. Lakini Dylan aliuimba mbele ya watu katika jumba la Carnegie Hall tarehe 22 Septemba, 1962, na Rais Kennedy alitangaza habari za makombora hayo tarehe 22 Oktoba, mwezi mmoja kamili baadaye. Hofu ya vita vya atomiki ilikuwapo tayari mioyoni mwa watu. Cuba iliizidisha tu.

Si nyimbo zote alizozinasa zilizopata nafasi. Mmoja uliwadhihaki watu wa chama cha John Birch, ambao waliona wakomunisti kila mahali. Tarehe 12 Mei, 1963, Dylan alitakiwa kuimba katika televisheni, kwenye kipindi cha Ed Sullivan. Wakubwa wa kituo walimkataza kuimba wimbo huo, wakamtaka achague mwingine. Yeye alikataa, akaenda zake, ingawa kipindi hicho kingemfikisha kwa mamilioni ya watu. Wimbo huo uliondolewa hata katika santuri, pamoja na nyingine tatu, na mahali pake zikatiwa nne alizozinasa siku ya mwisho, chini ya usimamizi wa Tom Wilson. Nakala chache mno zenye nyimbo zile za kwanza zilitoka, na wakusanyaji wa santuri huzinunua kwa fedha nyingi.

Sasa nije kwenye swali letu. Mahadhi mengi ya santuri hii si mapya. Wimbo wa "A Hard Rain's A-Gonna Fall" umefuata mtindo wa swali na jibu wa "Lord Randall", utenzi wa kale wa Uingereza na Scotland. "Bob Dylan's Dream" umechukua mahadhi ya wimbo wa Kiingereza wa baharia Franklin, ambao Dylan alijifunza kwa Martin Carthy alipozuru London. Na "Blowin' in the Wind", uliompa sifa kuliko zote, umetoka katika "No More Auction Block", wimbo wa Wamarekani weusi waliofurahia kuondokana na mnada wa watumwa.

Mimi naona jibu lina sehemu mbili. Kwanza, kuchukua mahadhi ya zamani si wizi katika nyimbo za asili, kwa maana ndivyo nyimbo hizo zinavyoishi. Hata kwetu, kwaya na manju hutia maneno mapya katika mahadhi ambayo wazee wanayajua. Tena mahadhi hayaji matupu. Huja na maana yake. Aliyeujua wimbo wa watumwa aliyasikia maswali ya Dylan juu ya uhuru kwa uchungu zaidi. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba Peter, Paul and Mary waliuimba wimbo huo tarehe 28 Agosti, 1963, mjini Washington, mbele ya watu wapatao 250,000, siku ile ile Martin Luther King alipotoa hotuba yake kubwa.

Sehemu ya pili ni kwamba mkopaji amtaje aliyemkopesha. Mahadhi ya "Masters of War" yalitoka katika wimbo uliohifadhiwa vizazi vingi na ukoo wa Jean Ritchie huko Kentucky. Mama huyo hakunyamaza. Alidai haki yake, na mwisho alilipwa fedha. Dai lake lilikuwa la haki.

Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka santuri hii miongoni mwa sauti 50 za kwanza zilizochaguliwa kuhifadhiwa daima, na mwaka 2016 Dylan alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hayo yote yasingalikuwapo kama Columbia wangalimfukuza baada ya santuri moja.

Basi wenzangu mnaotunga nyimbo za kwaya na za mabweni, msione haya kutumia mahadhi ya babu zetu. Lakini chini ya wimbo wako andika jina la wimbo ulioyatoa mahadhi hayo, na kama wamjua aliyekufundisha, mwandike na yeye.