Aliyeacha Ulevi Naye Yuko Lindoni

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo ina hekima kubwa, lakini mara nyingi tumeisikia ikitumiwa vibaya. Pakitokea mtu aliyekuwa mlevi, akasimama mbele ya jamaa zake na kutangaza kwamba ametimiza mwaka mmoja bila kuonja pombe, utawasikia watu wakinong'onezana: "Mwacheni, atarudi tu." Wa pili atauliza kwa sauti: "Tangu lini mtu akapongezwa kwa kuacha jambo ambalo hakupaswa kulianza?" Na wa tatu, ambaye wala hana nia mbaya, atamsogezea glasi ili washerehekee pamoja.

Ndugu wasomaji, leo tunataka kulizungumza swali la huyo wa pili, kwa sababu sisi wenyewe tulipata kulijibu kwa haraka, na tukakosea.

Miaka miwili iliyopita sajini mmoja aliingia katika ofisi yetu ya uhusiano akiwa na kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika mistari minne kwa mkono, akitaka ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kambi. Mistari hiyo ilisema kwamba yeye, wa kombania fulani, amemaliza mwaka mzima bila pombe, na kwamba anamshukuru mkewe, daktari wake na askari wenzake wawili. Basi.

Sisi tuliofundishwa tangu chuo cha kadeti kwamba habari za jeshi ni habari za vitendo, tulimjibu kwamba jeshi humpa nishani aliyetenda, halimpi aliyeacha kutenda. Tena tukaongeza kwamba tangazo la namna hiyo litakiaibisha kikosi, kwani raia wakilisoma watauliza huyu sajini alikuwa katika hali gani mwaka uliotangulia, naye ana silaha mkononi. Sajini hakubisha. Aliikunja karatasi yake, akapiga saluti, akatoka. Wiki ile ile tulibandika picha za karamu ya kupandishwa vyeo maofisa wawili, na katika picha hizo kreti za bia zimepangwa mpaka usawa wa dirisha. Hapana aliyeuliza kama hizo zitakiaibisha kikosi.

Jibu letu lilikuwa na kasoro ambayo askari yeyote angepaswa kuiona. Si kweli kwamba jeshi halimtunzi aliyejizuia. Mwaka 1830 Mfalme William wa Nne wa Uingereza alianzisha nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Baadaye askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho ndicho chanzo cha majeshi kadhaa ya Afrika Mashariki, nao walikuwa na nishani yao ya namna hiyo. Aliyevaa nishani hiyo hakuwa lazima ameteka ngome wala kuokoa bendera. Alikuwa amepita miaka mingi na daftari lake la makosa likabaki safi. Yaani alitunzwa kwa yale ambayo hayakutokea.

Tena mtazameni mlinzi wa lango. Anasimama usiku kucha, na kulipokucha anatoa ripoti ya neno moja: salama. Hakuna risasi iliyopigwa wala mtu aliyekamatwa. Je, tunasema hakufanya kazi? Kila ofisa anajua kwamba usiku uliopita kimya umelindwa na mtu, na kwamba mtu huyo alipigana na usingizi saa baada ya saa. Aliyeacha ulevi yuko katika lindo la namna hiyo, na lindo lake halina wa kulipokea zamu.

Wala jambo la kuwatunza askari walioacha pombe si geni. Mwaka 1862, katika mji wa Agra nchini India, mchungaji Gelson Gregson alianzisha chama cha askari wa Kiingereza wasiokunywa. Chama hicho kilitoa medali kwa muda ambao mwanachama alijizuia. Wenzao waliwadhihaki na kuwaita wanywa chai. Hata hivyo Jenerali Frederick Roberts, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya India tangu mwaka 1885, aliviunga mkono na kuviunganisha vyama hivyo. Jenerali huyo hakufanya hivyo kwa huruma peke yake. Alikuwa na hesabu ya wagonjwa na wafungwa mezani pake, na alijua askari mlevi anaigharimu kombania yake hata kabla adui hajaonekana.

Ni haki pia tuwasikilize wanaoshuku sherehe hizi, maana historia imewapa hoja. Mwaka 1840, mjini Baltimore nchini Marekani, wanywaji sita waliokuwa wakikutana katika kilabu cha pombe waliapa pamoja kuacha, wakaunda chama walichokipa jina la George Washington. Chama kilienea kama moto wa nyikani. Walevi wa zamani walipanda jukwaani kusimulia maisha yao, na miji ikafanya maandamano yenye bendi na bendera. Tarehe 22 Februari 1842 mwanasheria kijana wa Springfield, Abraham Lincoln, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo, alikihutubia chama hicho. Aliwaambia wasikilizaji kwamba wengi ambao hawakupata kuanguka katika ulevi waliokolewa na kukosa hamu ya pombe kuliko ubora wa akili au moyo. Maneno hayo hayakuwafurahisha wote waliojiona wema.

Lakini mmoja wa wasemaji mashuhuri wa harakati za kuacha pombe, John Gough, mfunga vitabu aliyeapa mwaka 1842, alianguka tena mjini New York mwaka 1845. Magazeti yalimla nyama. Walioshuku walisema, "Tuliwaambia." Chama chenyewe kilififia upesi kama kilivyowaka. Hapo pana funzo: makofi mengi mno yanaweza kumfanya mtu aone vita vimekwisha, na akianguka anaanguka kutoka juu, mbele ya watu wote.

Hata hivyo kisa cha Gough hakikuishia New York. Alikiri mbele ya watu, akasimama tena, akaendelea kuhutubia juu ya ubaya wa ulevi hadi alipofariki mwaka 1886, miaka zaidi ya arobaini baada ya aibu ile. Wale waliosema "tuliwaambia" walihesabu siku chache za kuanguka, wakasahau kuhesabu miaka arobaini.

Watu wa chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanza katika mji wa Akron mwaka 1935, walichukua njia nyingine. Wao hawatangazi majina yao magazetini. Wanakutana wenyewe kwa wenyewe, na katika vikundi vyao vingi mwanachama hupewa sarafu ndogo ya ukumbusho: ya saa ishirini na nne za kwanza, ya mwezi, ya mwaka. Sarafu hiyo haina thamani sokoni. Anaitia mfukoni, na siku mkono unapotafuta fedha ya kununulia pombe, unaigusa hiyo kwanza.

Sasa turudi hapa kwetu Uganda. Sisi ni watu wa kushiriki. Mtungi wa malwa huwekwa katikati, wazee wakauzunguka kila mmoja na mrija wake mrefu, na anayekataa mrija huonekana amekataa watu. Katika arusi na matanga, mwenyeji hupimwa kwa wingi wa vinywaji alivyotoa. Kwa hiyo anayeacha pombe hapa haachi chupa tu, anaondoka katika duara la jamaa zake. Sheria zimefanya sehemu yake: Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba mwaka 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Hospitali ya Butabika mjini Kampala inawatibu walevi na wanaotumia madawa ya kulevya. Lakini sheria haiwezi kumpa mtu mahali pa kukaa jioni, na daktari hawezi kuwa jirani wa kila mgonjwa. Hiyo ni kazi ya wananchi.

Kwanza basi tufahamu kwamba ulevi uliokomaa ni maradhi, na madaktari wanautibu kama maradhi. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi akiacha kwa ghafla anaweza kushikwa na tetemeko, degedege na hata kuchanganyikiwa kwa hatari ya kufa. Mtu huyo apelekwe kwa mganga, asifungiwe nyumbani kama mhalifu. Pili, tusimtangaze mtu bila idhini yake. Wako wanaotaka jina lao lisikike, na wako wanaotaka kupona kimya kimya, na wote wana haki. Tatu, tukimfanyia sherehe, isiwe sherehe ya kunywea. Chai inatosha, na soda inatosha. Nne, akiteleza tusimfutie siku alizozishinda. Mlinzi aliyesinzia hurekebishwa na kurudishwa langoni. Hakuna anayedai kwamba malindo yake yote ya nyuma hayakuwapo.

Mwaka huu sajini wetu alitimiza mwaka wa tatu. Safari hii hakuja ofisini, nasi tusingemlaumu. Tulipata habari kwa wenzake, tukaomba ruhusa ya kwenda. Baada ya ukaguzi wa jioni askari wapatao ishirini walikaa nje ya nyumba yake, wakaletewa chai na viazi vitamu. Hakukuwa na hotuba ndefu. Mkewe alipoombwa aseme neno, alisema kwamba zamani watoto wakisikia viatu vya baba yao mlangoni walikimbilia uvunguni mwa kitanda, na sasa wanakimbilia mlangoni. Kisha akarudi jikoni kuongeza maji ya chai.

Tulimwomba sajini radhi mbele ya wote. Alicheka kidogo, akasema, "Afande, usiku wa kwanza bila pombe haukuwa mgumu kama usiku ule niliorudi na karatasi yangu." Alieleza kwamba jioni ile alisimama nje ya kantini akisikiliza kelele za karamu mpaka tarumbeta ya kulala ilipolia, ndipo akaenda nyumbani. Hatukuwa na la kujibu. Tuliposikia hivyo tulitambua jinsi tulivyokaribia kumpoteza mtu kwa kulinda sifa ya ubao wa matangazo.

Kweli, mwenye kovu usidhani kapoa. Waliotuachia maneno hayo hawakusema aachwe peke yake. Kama kidonda bado ki chini ya ngozi, hiyo ndiyo sababu ya kuwa karibu naye, kumuuliza hali na kumwekea kikombe cha chai bila kungoja aombe.

Karatasi ya mistari minne alikuwa bado anayo, imechakaa kwenye mikunjo. Kwa idhini yake tulibadilisha neno moja tu, mwaka mmoja ukawa miaka mitatu, nayo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, upande wa kushoto, mahali pa habari za utumishi.