Kujiandaa kwa Afya na Fedha Kabla ya Kushika Mimba: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi wa Masasi na Newala

Katika kaya nyingi, matayarisho ya uzazi huanza pale mimba inapothibitika. Ni vyema ikaeleweka kuwa wakati huo baadhi ya mambo makubwa yamekwisha kupita. Mfereji unaojenga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, siku ambazo mama wengi ndio kwanza wanaona kuwa hedhi imechelewa. Kwa upande wa fedha, mimba iliyotungwa Januari hufikia mwisho wake Oktoba, na kwa mkulima wa korosho miezi hiyo yote yaweza kupita bila malipo ya msimu kuingia nyumbani.

Kwa sababu hizo, mume na mke wanaokusudia kupata mtoto wanashauriwa kuanza matayarisho angalau miezi mitatu kabla, na kuyafanya kwa pamoja. Maelezo yafuatayo yanahusu wakazi wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na wale wa Masasi, chini yake upande wa magharibi, wawe watumishi wa umma, wakulima au wafanyabiashara.

Vidonge vya asidi ya foliki

Kila mwanamke anayekusudia kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Dawa hii hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na kutangazwa mwaka 1991, ulionyesha kuwa kwa akina mama waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, asidi ya foliki ilizuia takriban asilimia 72 ya marudio yake. Mama wa namna hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, nacho hupangwa na daktari.

Kunde, mbaazi, choroko na mboga za majani zina kirutubishi hiki, lakini chakula peke yake mara nyingi hakitoshelezi kiasi kinachotakiwa. Aidha, unga wa viwandani unaoongezwa virutubishi haufiki katika kila kaya. Unga wa muhogo, na mahindi yanayosagwa katika mashine za vijijini, kwa kawaida haukuongezwa kitu. Hivyo basi, vidonge ni vya lazima hata kwa anayekula vizuri.

Chakula, na hasa muhogo

Muhogo ni chakula kikuu cha uwandani, na hakuna sababu ya kuuacha. Lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi ambayo huondoka tu ukitayarishwa kwa ukamilifu. Hatari hutokea wakati wa njaa, pale kaya inapofupisha kazi ya kuloweka na kuanika ili ipate unga upesi. Upungufu wa chakula wa mwaka 1988 ulipoikumba kusini mwa Tanzania, watu walidhurika kwa namna hiyo. Ulaji wa muda mrefu wa muhogo usioiva kisumu, pamoja na ukosefu wa protini, huweza kuleta konzo, yaani ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Wanaoathirika zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kaya yenye shaka na unga wake inaweza kutumia njia nyepesi. Unga huchanganywa na maji kidogo hadi uwe rojo zito, hutandazwa kwa tabaka jembamba, kisha huachwa kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupika ugali siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki hutoka kwa njia ya hewa.

Ugali huo uambatane na jamii ya kunde, dagaa, mayai au nyama kadiri ya uwezo. Upungufu wa damu usubiriwe uishe kabla ya mimba, kwani mama anayeanza na damu pungufu huwa katika hatari kubwa akivuja damu wakati wa kujifungua. Tunda lenye vitamini C, kama papai, embe au bibo bichi, likiliwa pamoja na mboga husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai na kahawa zinazonywewa pamoja na chakula hupunguza upokeaji huo. Chumvi inunuliwe ile iliyotiwa madini joto, maana upungufu wa madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto tangu tumboni.

Uchunguzi wa wote wawili

Mume na mke wanashauriwa kufika pamoja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili wapimwe na, pale inapolazimu, wapelekwe katika hospitali kama Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya Newala. Mambo ya kuulizia ni haya:

1. Wingi wa damu, shinikizo la damu, sukari, pamoja na minyoo na malaria.

2. Virusi vya UKIMWI, kaswende na homa ya ini aina ya B. Mtu mwenye virusi anayetumia dawa kwa ukamilifu anaweza kupata mtoto asiye na maambukizi, mradi mpango ufanywe mapema pamoja na mhudumu wa afya.

3. Selimundu. Ikiwa wazazi wote wawili wamebeba chembe ya ugonjwa huu bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kutoa mtoto mgonjwa. Wenye ndugu waliougua wasiache kupima.

4. Chanjo ya pepopunda. Dozi 5 zilizokamilishwa kwa utaratibu humkinga mwanamke katika miaka yake yote ya uzazi, na humkinga mtoto mchanga.

5. Dawa zinazotumika kila siku. Baadhi ya dawa za kifafa na za shinikizo la damu hudhuru mimba. Mgonjwa asiziache kwa hiari yake. Daktari ndiye atakayezibadilisha.

Baba hana ruhusa ya kubaki nyuma. Mbegu za kiume huchukua takriban miezi mitatu kukomaa, hivyo pombe, sigara na magonjwa ya zinaa ya leo huonekana katika mbegu za miezi ijayo. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa na dawa nyingine dhidi ya ubwiriunga, mpuliziaji avae kinga ya pua, macho na ngozi, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za familia. Mwanamke anayekusudia kushika mimba asipewe kazi hiyo.

Mama aliyejifungua anashauriwa asubiri angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na aliyeharibikiwa na mimba angalau miezi 6. Kwa kipindi hicho njia za uzazi wa mpango hupatikana katika vituo vya afya. Ikiwa mwaka umepita bila mimba, au miezi 6 kwa mwanamke aliyetimiza miaka 35, wote wawili waende kupimwa. Kumlaumu mke peke yake hakuna msingi wa kitabibu.

Fedha na msimu wa korosho

Sera ya Serikali ni kwamba huduma za mama wajawazito zitolewe bila malipo katika vituo vya umma. Hata hivyo nauli, chakula, nguo za mtoto, vifaa vinavyoweza kukosekana kituoni, na matumizi ya ndugu anayemuuguza mama hubaki mikononi mwa kaya. Kwa anayetoka kijiji cha mbali, gari la kukodi usiku laweza kuwa gharama kubwa kuliko zote.

Mapato ya korosho huingia zaidi kati ya Oktoba na Januari. Mimba iliyotungwa Novemba, wakati nyumba ina fedha, hufikia mwisho Agosti, wakati fedha za msimu uliopita zimekwisha na za msimu mpya hazijaingia. Hakuna awezaye kuichagulia mimba mwezi wake kwa uhakika. Linalowezekana ni kutenga fungu la uzazi siku ile ile malipo yanapopokelewa, kabla ya sherehe na madeni madogo madogo kulimaliza, na kuliweka benki, katika chama cha kuweka na kukopa, au katika kikundi kinachoaminika.

Kwa mfano, kaya inayokadiria mahitaji ya Sh. 360,000 yaweza kuyatimiza kwa kuweka Sh. 30,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja, au kwa kutenga fungu zima wakati wa mauzo. Kiasi hicho ni kielelezo tu; kila kaya ifanye hesabu yake yenyewe.

Fedha inayotarajiwa isihesabiwe kuwa fedha iliyopo. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo, lakini kutokana na uhakiki, wakulima wengi walilipwa mwaka 2019. Mtoto hangojei uhakiki. Kwa sababu hiyo akiba ya dharura inafaa iwepo hata pale mavuno yanapoonekana mazuri, na kaya iulizie mapema utaratibu wa bima ya afya, kwa kuwa kujiunga baada ya tatizo kutokea mara nyingi huwa kumechelewa.

Haki za mwajiriwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, katika kila mzunguko wa miezi 36. Mwajiriwa anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, pamoja na cheti cha daktari. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba ana haki ya angalau siku 3 zenye malipo. Watumishi wa umma wasome pia kanuni zao za utumishi. Itaonekana kuwa mzunguko huo wa miezi 36 unaafikiana na ushauri wa afya: miezi 24 ya kusubiri na miezi 9 ya mimba hufanya 33.

Hitimisho

Wananchi wanakumbushwa kuwa matayarisho haya hayahitaji utajiri. Yanahitaji mazungumzo ya mume na mke, safari moja ya kituo cha afya, vidonge vya kila siku, na fungu la fedha lisiloguswa. Wazazi, wakunga na makungwi wanaosikilizwa na vijana waliooana wanaombwa kuyaeleza mambo haya mapema. Na pale hedhi inapokosekana, mama afike kliniki kabla ya wiki ya 12, akiwa amekwisha kuyatimiza yale ambayo kliniki haiwezi kuyarudisha nyuma.