Piko Inapochoma Ngozi
Bibi harusi wa Unguja au Lamu hupakwa hina ya majani, ikakolea nyekundu au kahawia. Weusi tititi haumo kwenye majani hayo. Piko, rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, mara nyingi ni rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD.

Umoja wa Ulaya huruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele. Kuipaka ngozini ni marufuku.

Mwasho na malengelenge huweza kuzuka siku kadhaa baadaye, sherehe imeshakwisha na mpambaji keshalipwa. Kovu huenda likabaki. Mzio nao haumwachi mtu: miaka ikipita, akipaka rangi ya nywele tu, uso unaweza kuvimba. Mpambaji anayeahidi weusi ndani ya nusu saa aulizwe amechanganya nini.