Chati ya udhibiti nayo ina gharama yake

Kiwanda hupata hasara mashine inapokosea bila mtu kujua, na hupata hasara pia inaposimamishwa wakati ni nzima. Chati ya udhibiti imewekwa kupunguza hasara zote mbili. Walter Shewhart wa Western Electric, Marekani, aliipendekeza Mei 1924: mstari wa wastani katikati, kikomo juu na kikomo chini, kila kimoja kwa kawaida umbali wa mikengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) 3 ya wastani wa sampuli. Wastani wa sampuli ukivuka kikomo, chati hutoa tahadhari na mashine hukaguliwa.

Mwaka 1956 mtakwimu Acheson Duncan alionyesha namna ya kuipanga chati hiyo kwa kufuata fedha. Mwenye kiwanda huamua mambo matatu: apime bidhaa ngapi, kila baada ya muda gani, na vikomo vikae wapi.

Tuchukue mfano. Mashine inajaza pakiti 1,000 za unga kwa saa, na mkengeuko sanifu wa uzito wa pakiti moja moja ni gramu 10. Ghafla inaanza kuzidisha gramu 10 kwa kila pakiti. Mkaguzi anayepima pakiti 4 kila saa ataligundua kosa baada ya saa 6 hivi kwa wastani, kilo 60 za unga zikiwa zimetoka bure. Akipima pakiti 9, atahitaji saa 2 tu, na hasara itakuwa kilo 20. Kama hitilafu hiyo hujirudia kila wiki, pakiti 5 za ziada zinaweza kujilipa. Kama hutokea mara moja kwa mwaka, upimaji wenyewe unaweza kugharimu zaidi ya unga uliookolewa.

Vikomo navyo vina bei. Vikiwekwa kwenye mikengeuko 3, chati hutoa tahadhari ya uongo mara moja katika sampuli 370 hivi. Vikibanwa hadi 2, ni mara moja katika sampuli 22. Kiwanda kinachopima kila saa, usiku na mchana, kitamwita fundi bure karibu kila siku. Pale ukaguzi unapochukua dakika chache, hilo linavumilika. Pale tanuri linapolazimika kuzimwa, halifai kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchora chati, mwenye kiwanda ajue gharama ya kupima sampuli moja, gharama ya kumwita fundi bure, hasara ya kila saa ya kosa lisiloonekana, na mashine huharibika mara ngapi. Takwimu hizo zimo katika daftari zake mwenyewe. Azitumie.